Maswali yenu ya droni: ikileta shida ikiwa juu, mkono ufanye nini

Kamwene watu wa Iringa, na Mbeya yote mpaka Tukuyu nawasalimu. Mwezi huu mmeandika sana na karibu wote mnaulizia kitu kimoja, droni imeharibikiwa ikiwa hewani nifanyeje. Nimechukua maswali machache yanayogusa wengi. Kabla ya yote naomba mjue mi naanzia wapi: kwanza naangalia chini yake kuna nani, afu ndo nafikiria droni. Droni ikivunjika ni hela, tena hela nyingi najua, lakini mtoto wa mtu aliyekatwa na propela usoni hilo halina bei.

SWALI: Fundi habari. Mi napiga video za harusi hapa Mwanjelwa. Jumamosi nilikuwa na sendoff Mafiati, chini palikuwa na vumbi nikarusha droni kutokea juu ya boneti ya gari. Ilipofika kama mita kumi ikaanza kuzunguka yenyewe, duara linazidi kuwa kubwa, nikavuta stiki huku na huku ndo ikazidi kabisa mpaka ikagonga bati la ukumbi. Fundi mmoja kaniambia GPS imekufa ninunue nyingine. Ni kweli?

Pole sana kaka. Usinunue chochote kwanza. Hiyo miduara inayotanuka karibu kila mara ni dira, sio GPS.

Iko hivi. GPS inaiambia droni ipo wapi, dira inaiambia pua imeelekea wapi. Sasa umeiwasha juu ya boneti, boneti ni chuma, dira ikasoma uongo tokea mwanzo. Ikapanda. Upepo ukaisukuma kidogo kulia, yenyewe inataka kujirudisha pale ilipokuwa, lakini kwa vile inadhani pua imeelekea kwingine inajisukuma upande ambao sio, GPS inaiambia umekosea, inajirekebisha tena, inakosea zaidi, ndo unaona inazunguka kama maji yanavyoingia kwenye tundu la sinki. Na sio boneti tu, hata zege la mbele ya ukumbi lina nondo ndani, hata jenereta, hata zile spika kubwa za mziki zina sumaku za kutosha, usiiwashe karibu nazo.

Ikishakuanzia hivo usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani, kile kinachoirudisha droni yenyewe pale ulipoirushia. Najua mkono unakimbilia pale, lakini kurudi nyumbani kunategemea dira hiyohiyo iliyochanganyikiwa, kwahiyo unaipa ruhusa ikimbie kwa kasi kwenda isikojua. Na usivute stiki huku na huku, kila unavyovuta unaiongezea mwendo kwenye duara. Chagua upande mmoja ambao hamna watu, sukuma stiki taratibu na uishikilie upande huohuo, droni itayumba lakini itakwenda. Kama rimoti yako ina swichi ya kuondoa GPS iondoe, nyingi ndogo hazina, ila zenyewe zikiona dira na GPS zinagombana zinaacha kuitumia GPS na kioo cha simu kinakuandikia ATTI. Hapo itatulia kuzunguka lakini haitasimama sehemu moja, itakuwa inapelekwa na upepo kama mfuko wa nailoni, na wewe ndo breki. Ishushe kwenye nyasi, hata ikitua kwa kuburuzika ikapinduka ni sawa, umeipata.

Kama hujui pua iko wapi sukuma mbele kidogo tu uone inakwenda upande gani, usihangaike kuigeuza.

Na kuanzia leo, kabla hujapaa, tazama ule mshale kwenye ramani ya simu. Kama pua umeielekeza mlima Loleza na mshale unaonyesha Iyunga, hapo dira inakwambia mapema, zima, hamia mbali na chuma, washa upya, ikikataa ikalibreti, yaani ipange dira upya, hapohapo mahali pa wazi ukiwa umeweka simu ya pili na funguo pembeni. Vumbi tumia kipande cha turubai au stuli ya plastiki. Mazoezi ya ATTI yafanye uwanja wa mpira asubuhi wakati hamna watu, siku ya harusi sio siku ya kujifunza.

SWALI: Naitwa mama wawili, nipo Uyole. Sirushi droni ila kwenye sherehe zetu siku hizi zipo kila mahali, zinashuka mpaka usawa wa vichwa vya watoto wakicheza. Vijana wakiambiwa wanasema mama usiogope hii ina GPS haianguki. Mimi naogopa. Naogopa bure?

Mama shikamoo, na asante sana kwa kuandika. Huogopi bure. Nimekaa na swali lako siku mbili.

Droni nyingi za sherehe zina mota nne. Ile yenye mota sita ikipoteza moja inaweza kujishikilia mpaka itue, lakini ya mota nne ikipoteza moja, au propela moja tu ikivunjika, haina namna, inajizungusha na kuanguka palepale. GPS haihusiki kabisa hapo. GPS inajua mahali, haishikilii kitu hewani.

Nakwambia kitu nilichokiona mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa na kazi ya ubatizo, droni ilianza kutoa mlio mwembamba ambao haukuwepo asubuhi, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na picha kwenye kioo ikawa inatetemeka kama uji unaochemka. Nilisikia. Nikajiambia nimalizie hii picha ya wazazi afu nashusha. Sekunde chache baadae ikapinduka ikaanguka kwenye meza ya soda, hatua mbili kutoka kwa binti mdogo aliyekuwa ameshika sahani yake ya pilau. Hakuumia. Nilipookota propela nikaigeuza juani nikaona ufa mwembamba kama unywele, sio kwenye ncha, pale shinani inapofungwa na skrubu, na pembeni ya ufa plastiki imekuwa nyeupe. Ule weupe ulikuwepo asubuhi. Sikuutazama.

Tokea siku ile propela zangu nazikagua moja moja kwa kuzipinda kidogo kwa vidole kwenye mwanga, nikiona weupe tu naitupa, na naivunja kabisa ili mtu asiiokote. Na vijana wangu nimewaambia, mlio ukibadilika au picha ikianza kutetemeka hiyo ndo taarifa ya mwisho, unaitoa pembeni ya watu kwa mwendo wa kawaida na unashusha, bibi harusi atasubiri.

Kwahiyo mama una haki ya kumwambia kijana aitoe juu ya watoto. Mwambie apige kutokea pembeni, kamera imeinama, picha inatoka nzuri tu na ikianguka inaangukia nyasi. Na muulize kibali cha TCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga, mwenye nacho atakuonyesha bila kununa.

Vijana mnaosoma, kuna ile njia ya kuzima mota hewani, stiki zote mbili chini na ndani kwa pamoja. Ijueni ila muiheshimu. Ukizima inadondoka kama jiwe. Ni ya pale ambapo tayari inakwenda kuwakata watu na kudondoka ni afadhali, au imeshagonga ukuta na mota bado zinazunguka. Ndio maana droni nyingi kwenye setingi zimewekwa ikubali kwa dharura tu, iacheni hivyohivyo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi mwanafunzi wa chuo, nakaa Kihesa Iringa. Nilirushia chini ya jiwe la Gangilonga, ilipopita nyuma ya jiwe kioo kikawa cheusi, nikapanick, mwenzangu akaniambia zima rimoti itarudi yenyewe. Kweli ilirudi ila ikagonga mti juu njiani. Nilikosea wapi?

Marahaba kijana. Mwenzako hakukosea sana, ila alikuchukulia usukani mkononi.

Kupoteza picha sio kupoteza droni. Mara nyingi picha inakatika kwanza wakati rimoti bado inasikika, au ni simu tu imeganda. Kwahiyo ukiona giza: achia stiki. Yaani achia kabisa, ikiwa na GPS itasimama hapohapo inakusubiri. Nyanyua macho uitafute. Tembea utoke kwenye kivuli cha jiwe, kwasababu jiwe lile ni jiwe kweli, mawimbi hayapiti. Antena za rimoti zielekeze ubavu wake kwa droni, wengi wanaichomea ile ncha kama wananyooshea kidole na ncha ndo sehemu dhaifu kuliko zote. Picha ikirudi, ipandishe kwanza juu ya jiwe afu ndo uilete.

Isiporudi bonyeza kitufe cha kurudi nyumbani kwenye rimoti, usizime rimoti. Ukizima itarudi ndio, lakini ukiona inaelekea kwenye mti huna cha kuisimamishia mpaka rimoti iwake tena ishike mawasiliano, na pale kila sekunde ni mita kumi.

Sasa mti. Hapa wengi wa nyanda za juu tunaumia maana nchi yetu haijakaa tambarare. Urefu wa kurudi unaouweka kwenye setingi unahesabiwa kutokea pale uliporushia, hauhesabiwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Umesimama bondeni umeweka mita 40, mbele kuna kilima cha mita 50 chenye mikaratusi juu yake, droni ikiwa ng'ambo itapanda mpaka mita 40 ya kwako, ambayo pale kwenye kilima ni chini ya udongo, itakuja moja kwa moja kwenye kilima. Nyingi za bei nafuu hazina sensa za mbele, na hata zenye nazo matawi membamba na nyaya za umeme haziyaoni vizuri. Kwahiyo kabla ya kuruka zungusha macho pande zote, tafuta kitu kirefu kuliko vyote, ongeza kama mita 20 hivi, weka. Ukihamia sehemu nyingine badilisha. Ikitokea urefu huo umezidi ule ulioruhusiwa kwenye kibali chako basi hiyo sehemu usirushie nyuma ya kilima, ihamie uwe unaiona.

Na subiri ikuambie imerekodi nyumbani ndo upae. Ukiondoka na haraka satelaiti hazijatosha, itaandika nyumbani njiani, labda juu ya bati la mtu.

SWALI: Mi bwana shamba wa Isongole. Nina droni ndogo ya DJI, Mini 2, natumia kuangalia viazi. Juzi mchana upepo uliikamata, pua imenielekea kabisa nasukuma stiki mpaka mwisho lakini inarudi nyuma kwenda kule msituni. Niliipata baada ya masaa mawili kwa bahati. Nifanyeje siku nyingine?

Hongera kwa kuipata. Tuzungumze namba kidogo kwasababu hapa namba ndo jibu. Mini 2 kwenye mwendo wa kawaida inakwenda mita 10 kwa sekunde, kwenye mwendo wa spoti 16. Watengenezaji wenyewe wanasema inastahimili upepo mpaka kama 10.5 kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 38 kwa saa. Sasa ukiwa mwendo wa kawaida na upepo wa juu ni 11, hata usukume stiki mpaka ivunjike itarudi nyuma, haijaharibika, imezidiwa tu. Na kule kwenu ukishapita mita 2,000 hewa ni nyepesi, imepungua kama asilimia 18 ukilinganisha na Dar, propela inabidi zizunguke haraka zaidi kubeba uzito uleule na betri inaliwa.

Cha kwanza, shuka. Upepo karibu na ardhi ni mdogo kuliko wa juu, mara nyingi ukishuka kutoka mita 80 mpaka 20 unaiona inaanza kuja. Shusha kwa mshazari, usiishushe wima kwa kasi, maana inaingia kwenye hewa iliyovurugwa na propela zake yenyewe inaanza kutikisika na kuzama. Cha pili weka spoti. Cha tatu kama ilishaanza kurudi nyumbani yenyewe ikatishe, kwasababu kurudi nyumbani inapanda juu kwenye upepo mkali zaidi, unaipeleka kwa adui.

Ikishindikana bado, hapa ndo pagumu kwa moyo: usiendelee kushindana nao mpaka betri iishe. Betri ikiwa asilimia 30 na hujapata mita hata moja, igeuze, tumia kamera utafute sehemu ya wazi huko inakopelekwa, shamba, njia ya ng'ombe, tua kwa hiari yako ukiwa bado unaiona kwenye kioo. Afu piga picha ya kioo, ile ramani ina sehemu ya mwisho. Ukifika karibu iambie ipige mlio na taa kama betri bado ina uhai. Droni iliyotua kwenye viazi unaifuata kwa miguu, iliyoishiwa juu ya msitu hauioni tena.

Siku za kawaida anza kwa kwenda kule upepo unakotokea, ili wakati wa kurudi umechoka, upepo ukusukume nyumbani. Na kazi yako maliza kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo jua likishapasha miteremko upepo unaamka, wewe unaujua kuliko mimi.

SWALI: Dada mpiga picha, Njombe. Mwezi wa saba asubuhi na mapema, betri ilikuwa 46 ghafla ikasoma 12 na ikaanza kushuka yenyewe juu ya bwawa. Niliikosa. Betri mbovu?

Pole dada yangu, juu ya maji inauma. Inawezekana imechoka, lakini baridi imechangia. Asubuhi yenye sakitu kwenye majani, betri za lithiamu zinakuwa nzito kutoa umeme, ukivuta nguvu ghafla volti zinadondoka na ile kompyuta ya ndani inashtuka inaona imeisha. Volti zikishuka sana ikiwa kazini droni inaanza kujiokoa.

Ila sikia hili, wengi hawalijui: inaposhuka yenyewe kwa betri bado una stiki. Sukuma stiki ya kupanda juu, itapunguza kushuka au itasimama kwa muda mfupi, na hapohapo isukume kuelekea ukingoni. Sekunde hizo chache zinatosha kufika kwenye matope. Usihangaike kuileta mpaka miguuni kwako, nchi kavu yoyote ndo nyumbani.

Betri ibebe mfuko wa ndani wa koti, chini ya kitenge, usiiweke karibu na jiko la mkaa. Irushe mita mbili tu juu, iache ielee dakika nzima mpaka ipate joto, usivute spoti mapema. Chaji jioni ya kuamkia kazi, iliyochajiwa wiki mbili nyuma usiiamini. Na wakati wa baridi rudi ikiwa 40, hasa kama kuna maji katikati yenu.

Ya haraka haraka

*Simu ikipigwa wakati narusha? (Mbalizi)* Picha inaweza kupotea lakini rimoti bado inashika droni. Achia stiki, itafute kwa macho, kata simu. Kabla ya kuruka zima laini zote, ramani uwe umeishapakua nyumbani kwa wifi.

*Mwewe anaifuata. (Mafinga)* Panda juu haraka, wengi wanapiga kutokea juu na hawapendi kufukuza kitu kinachopanda. Akiacha, ondoka eneo hilo kabisa, pengine ana kiota hapo.

*Ukungu umeshuka ghafla, siioni. (Tukuyu)* Usiisogeze ovyo. Kama urefu wa kurudi uliuweka sawa bonyeza irudi, ukiisikia juu yako ishushe polepole kwa mkono. Ikilowa, toa betri, iache ikauke siku nzima kabla ya kuiwasha, na usiipulizie drayeri ya moto.

*Betri imevimba kidogo ila inaruka vizuri. (Makambako)* Hapana mwanetu. Ile hewa iliyovimbisha ni seli inayooza kwa ndani, ikiwa juu inaweza kufungua kifuniko ikachomoka yenyewe, na nimeshaona moja ikitoka kwenye klipu zake kwa kusukumwa na tumbo lake tu. Usiichaji tena leo wala kesho. Iweke nje ya nyumba kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na mapazia na watoto, ikianza kutoa moshi usiuvute na usiishike, imwagie mchanga zaidi usimame mbali. Leta kwa mafundi wanaopokea betri mbovu, usiitupe jalalani pale watoto wanapookota vyuma.